Mapeasi Tuliyoyafunika Vizuri

Mmenipigia simu kutoka Korogwe, kutoka Tanga, na mmoja wenu kutoka Unguja, nyote na swali moja: Mwalimu, kulikuwaje huko Kariakoo? Kwenye simu nimejibu kwamba nimerudi salama, alhamdulillah, kisha nimeulizia watoto wenu. Najua hilo halikuwa jibu. Naliandika hapa mara moja tu, kwa sababu kila nikilisimulia kwa mdomo moyo wangu unachacha, na sipendi kuwa mzee mwenye moyo mchachu.

Mlioondoka zamani huku milimani mnayakumbuka mapeasi ya bonde letu juu ya Lushoto. Baba zetu ndio waliopanda ile miti, nasi tumekula, tumegawa na tumewapa wagonjwa. Lakini vijana siku hizi wanataka pilipili hoho na kabichi, wanasema mti wa peasi unakaa na shamba mwaka mzima halafu unaleta mapeasi ya kulisha kunguru. Basi mwaka huu, baada ya sala ya Ijumaa, tulikaa barazani kwa Mzee Hoza, jirani yangu, tukakubaliana hivi: tupeleke lori moja Dar es Salaam. Mzigo ukipokelewa vizuri, miti inabaki. Ukiharibika, inakatwa.

Wakanituma mimi. Walisema Mwalimu aliyetufundisha Kurani hatatudanganya wala hatadanganywa. La kwanza namshukuru Mungu ni kweli. La pili mtajionea.

Kutoka nyumbani hadi Mombo

Kuchuma na kupanga kulituchukua siku nzima, na sijaona bonde letu likipendana vile tangu msiba wa mwisho. Wanawake walitandika majani makavu ya mgomba ndani ya matenga, wakapanga mapeasi moja moja, wakaweka majani tena juu. Mke wangu, Bi Mwanaisha, alitenga tenga moja kwa ajili ya wageni, akaliweka wazi bila majani juu katika chumba cha nyuma, kile kisichopata jua, ambacho ukiingia bila viatu unyayo unashtuka. Mengine yote yalipanda lori. Tulipomaliza tukatandaza mablanketi, juu yake turubai, na juu ya turubai hilo turubai jingine, tukakaza kamba.

"Yafunike vizuri, Rama," Mzee Hoza alimwambia dereva. "Haya si mawe."

"Mzee, nimeyafunika kuliko mtoto mchanga," Rama akajibu.

Watu wakacheka. Ndivyo tunavyofanya huku. Kitu unachokithamini unakifunika, kwa sababu huku kwetu kinachoharibu vitu ni ukungu na umande. Nikasoma dua, tukaondoka wakati wa adhuhuri.

Nilivua sweta tulipofika Soni. Nilivua koti tulipofika Mombo. Mapeasi hayakuvua chochote.

Pale Mombo, chini ya mlima, Rama aliniambia tusubiri kidogo tu, shemeji yake analeta magunia ya karoti ya kuongezea juu. Huyo shemeji alikuja jua likiwa limelala. Tulikula ugali na nyama ya mbuzi kwa mama mmoja mchangamfu aliyeniongezea mchuzi bila kuombwa, na nilimshukuru Mungu kwa mchuzi ule. Lori lilikuwa juani, mita chache tu kutoka nilipokaa. Niliona turubai likimetameta, nikafurahi kwamba jua haliyagusi mapeasi.

Magunia ya karoti yakapandishwa juu ya turubai. Hapo mzigo wetu ukawa umezibwa kote, hata upepo haukuwa na pa kuingilia.

Barabara kuu

Tulipasua tairi mbele ya Korogwe, na lile la akiba lilikuwa halina upepo. Simlaumu Rama kwa tairi. Namlaumu kwa lile la akiba. Tulipofika kwenye mizani, lori lililokuwa mbele yetu lilikuwa limezidisha uzito, mwenyewe akabishana, nasi tukakaa nyuma yake kama watu waliopanga foleni ya maji.

Ng'ambo ya barabara, lori jingine lililokuwa likielekea Moshi lilikuwa limesimama huku mashine fulani ikinguruma juu ya kichwa chake. Nilivuka kwenda kumsalimia dereva wake, mtu mzima mwenye kofia, kwa sababu sipendi kukaa karibu na mtu bila kumjulia hali. Nilimuuliza kwa nini hazimi injini na hali haendi.

"Injini nimezima, mzee. Hiyo inayonguruma ni ya baridi. Nimebeba matufaha ya nje, yametoka bandarini."

"Na ikizimika?"

"Ikizimika hiyo, mimi ndiyo kwisha. Weka mkono hapa."

Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa lori. Ulikuwa baridi kama ukuta wa chumba chetu cha nyuma. Akaniuliza sisi tumebeba nini na tunapoozaje.

"Sisi tumefunika," nikamwambia.

Akatazama lori letu, magunia juu, turubai limekazwa.

"Basi Mungu atasaidia, mzee."

"Amin," nikasema, nikarudi garini nikiwa nimeridhika kabisa.

Kariakoo

Tulipaswa kuingia kabla ya alfajiri. Tuliingia jua likiwa limeshaamka na mji umeshachemka, Rama akaliegesha lori kwenye mtaa wa nyuma ya soko, mahali pasipo na hata kivuli cha nguzo. Mnaoijua Dar miezi ya kiangazi mnajua joto la pale haliko angani peke yake, linatoka pia ukutani, kwenye lami, hata kwenye migongo ya watu.

Dalali wetu alikuwa kijana mtu mzima aitwaye Hamisi, safi, mwenye kofia nyeupe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo mzee wangu!"

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu Bongo. Jamani, mpeni mzee kiti! Huyu ni mzee wa Lushoto, ametoka kwenye baridi yake kutuletea neema. Mzee, chai ya maziwa au ya rangi?"

Ikaja chai, ikaja chapati, ukaja mchuzi wa maharage ya nazi, zikaja na sambusa. Akaniuliza habari za mvua huku kwetu, na habari za mashekhe wa zamani, akasema babu yake naye alikuwa mtu wa chuo cha Kurani. Nikamweleza. Akauliza zaidi. Kila wapagazi wenye maguta, zile baiskeli za mizigo, walipokuja kuuliza mzigo unashuka lini, aliwaambia, "Tulieni, mzee anakunywa chai. Hamna adabu?"

Nikaona kijana aliyelelewa. Kabla sijanawa mikono nilimwombea dua, yeye na kizazi chake.

Mpagazi mmoja alipita nyuma ya kiti changu akanong'ona, "Mzee, meza upesi. Chai ya hapa ni ghali." Nilidhani anataka kipande cha chapati, nikampa.

Mzigo ulianza kushushwa jua likiwa utosini. Karoti zilishuka. Turubai la kwanza likafunguliwa, la pili likafunguliwa, na kabla blanketi halijanyanyuliwa harufu ikaja. Ilikuwa harufu tamu kupita kiasi, tamu ya kutisha, hata nzi wakawahi kabla ya watu. Nilipanda mwenyewe, na umri huu, nikaingiza mkono kwenye tenga la katikati. Mle ndani mlikuwa na moto. Si kwa sababu ya jua tu, kwani jua halikufika pale. Moto ulikuwa wao wenyewe, umewaka ndani na kukosa pa kutokea. Vidole vyangu vilizama kwenye peasi kama kwenye uji.

Ndipo nilipojua, hapohapo, mkono ukiwa ndani. Wenzangu, tunavundikaje ndizi? Majani chini, majani juu, blanketi, mahali penye joto, usifunue. Baada ya siku chache zimeiva. Kila mwanamke wa bonde letu anajua hivyo, na kila mwanamke wa bonde letu alipanga mapeasi yale kwa mikono yake. Huku milimani kufunika ni kutunza, kwa kuwa nje ni baridi na ndani ni baridi. Tuliposhuka Mombo na mfuniko uleule, tulikuwa tumeacha kutunza, tunavundika. Hakuna aliyewaza, kwa sababu tulikuwa tunayapenda.

Matenga ya pembeni, pale turubai lilipopwaya na upepo wa barabarani ukaingia, yalikuwa bado magumu. Miti ileile, siku ileile, lori lilelile.

Hamisi aliziba pua kwa leso.

"Duh. Mzee wangu, huu siyo mzigo. Hii ni pole."

"Tuliposimama hapa asubuhi," nikamwambia, "mengi yalikuwa yanafaa bado."

"Asubuhi ningekupa bei ya watu. Saa hizi ni bei ya jua."

Alisema bila kuona haya, tena kwa upole uleule wa chai. Bei aliyotaja siitaji, maana nitaandika kitu nisichotaka kukiandika. Nikamwambia hapana. Akasema sawa mzee wangu, kaa nayo, akaondoka. Mama Salma, mwuza juisi mwenye meza yake pale pembeni, mtu wa Lindi aliyekaa mjini miaka mingi, alikuwa ametazama yote.

"Babu, umeleta mapeasi au umeleta uji?"

Sikucheka.

"Basi usininunie. Hamisi hashushi mzigo wa mgeni asubuhi. Anakaa naye kivulini, anamlisha, jua linafanya kazi kwa ajili yake. Mkimaliza sambusa, mwenye mzigo anakubali chochote."

"Nimemwombea dua," nikasema.

"Mungu wangu!" akacheka mpaka akashika meza, kisha akaniomba radhi. Alichukua yale laini yaliyokuwa bado na nafuu kwa ajili ya juisi yake, akanilipa kwa haki, na akanipa bilauri moja ninywe. Ilikuwa tamu sana, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Dua ile ya Hamisi sijairudisha, ilishapanda. Ila sijaiongeza.

Tuliyoyatupa yalijaza mkokoteni baada ya mkokoteni. Rama alikuwa pembeni muda wote, anaongea na simu.

Mchafukoge, ghorofa ya juu

Mtoto wa dada yangu, Zaina, anakaa Mchafukoge na mumewe, ghorofa ya juu kabisa, pale bati linapooka watu. Vijana wa guta walinipandishia matenga matatu ya mapeasi magumu yaliyosalia. Zaina alinipokea na machozi, akanipikia wali wa nazi na mchicha, na kwa heshima akayachagua mapeasi mazuri kuliko yote akayapanga kwenye sinia, akaliweka juu ya friji.

"Ili kila anayeingia aone mjomba katuletea nini."

Mapeasi mengine niliyatandaza sakafuni msalani, karibu na ndoo, kwa kuwa ndipo palipokuwa na ubaridi. Machache aliyaweka ndani ya friji, yakabanana na sufuria ya mchuzi.

Kesho yake yale ya juu ya friji yalikuwa ya njano. Keshokutwa yake yalikuwa na madoa, na harufu ile ya Kariakoo. Niliweka mkono pale yalipokuwa na nikaelewa. Friji linatoa joto ndani na kulimwaga nje, na Zaina alikuwa amewaketisha wageni wa heshima pale linapomwagwa. Ya msalani yalikuwa yanaanza kulainika. Ya ndani ya friji yalikuwa kama yalivyochumwa. Nilikaa kwenye kiti katikati ya nyumba ile nikawa natazama sehemu zile tatu kama mtu aliyechelewa darasani. Tunda likishachumwa bado linaishi, linapumua, na kadiri joto linavyozidi ndivyo linavyopumua kwa haraka na kujimaliza. Baridi hailiongezei uhai. Inalipunguzia tu haraka ya kwenda.

Ndizi alizozitia Zaina mle frijini, kwa kunifurahisha baada ya kunisikia, ziligeuka nyeusi ganda zima.

"Sasa mjomba, mbona hizi nazo?"

"Hizo ni watu wa joto," nikamwambia. "Kila mtu na kwao."

Hapo ndipo tulipocheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Zaina aliniambia, "Mjomba, wapigie simu nyumbani uwaeleze."

Nilikataa. Huku kwetu aliyetumwa na kikao anajibu kikaoni. Anakaa, watu wanakaa, anatoa habari kwa mdomo wake mwenyewe, anaulizwa, anajibu. Jambo la watu wengi halimwagwi kwenye simu ya mtu mmoja likageuzwa njiani. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wao.

Upanga

Niliyafunga mapeasi kumi ya kwenye friji katika kitambaa chenye maji, nikapanda bajaji hadi Upanga, kwenye duka moja la matunda ambalo mume wa Zaina analijua. Mwenye duka ni Mzee Karim, mtu wa makamo yangu, mwenye miwani ya kamba. Pale dukani matufaha ya nje yalikuwa yamepangwa kama vito, mekundu, yanateleza. Yale yalivuka bahari yakafika mazima. Yangu yalitoka mlima unaofikiwa kwa siku moja na yakafia njiani.

Mama mmoja mnunuzi aliyatazama yangu.

"Shikamoo baba. Hizo ni peasi za hapa? Mimi za hapa nimeacha. Ukiziweka mezani, kesho zimeoza. Za nje zinakaa."

"Marahaba. Mama, za nje zimelala kwenye baridi tangu zichumwe. Hizi za kwetu huwa mnaletewa zikiwa zimeshapikwa."

"Mimi sijui zimelala wapi, baba. Najua zinavyokaa kwangu."

Wanadhani ni tabia yake, kwamba peasi la Lushoto limezaliwa na kuoza ndani yake. Maneno hayo yaliniuma kuliko ya Hamisi.

Lakini Mzee Karim alikata moja, akala nusu akiwa amesimama, akala na nusu ya pili. Akaniketisha, na safari hii niliangalia kwanza kama kitambaa changu kiko kivulini. Akaniambia: chumeni asubuhi, yaacheni yapoe usiku kucha huko huko kwenye baridi yenu bila kufunikwa, yapangeni hewa ipite katikati, yasafiri usiku, yafike dukani kabla ya jua. Yeye atachukua kila wiki ya msimu. Ana mwenzake mwenye duka Posta, naye atachukua.

"Njoo Ijumaa baada ya sala, Mwalimu, nikukutanishe naye."

Nilisubiri Ijumaa. Nilisali, tukaonana, tukapeana mikono. Siku ile Dar ilikuwa na joto la kuchoma na mimi sikulihisi. Nilikuwa nimebeba kitu cha kusema barazani.

Kurudi

Nilipanda basi Jumamosi. Nikavaa koti Mombo, nikavaa sweta Soni, na kila basi lilipokata kona nilipanga maneno yangu: kwanza nitakiri hasara, nitasema tulipokosea, kisha nitawaambia habari ya Mzee Karim.

Msumeno wa injini niliusikia kabla sijaliona bonde.

Rama alikuwa amepiga simu siku ileile, akiwa Kariakoo, wakati mimi nina mkono ndani ya tenga. Alisema mzigo wote umekuwa uji. Hakusema uongo mkubwa. Ijumaa walikaa kwa Mzee Hoza, wakaamua kukata miti kama tulivyokubaliana.

"Tulisubiri simu yako, Mwalimu," Mzee Hoza aliniambia. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Nami nilisubiri baraza," nikamwambia.

"Kiti chako kilikuwa kitupu."

Nilimwambia habari ya Upanga tukiwa tumesimama, mashine inanguruma, ikabidi nirudie mara mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa juu ya gogo. Upande wa juu wa bonde ulikuwa tayari mweupe. Miti iliyobaki, mapeasi yake hayajazi lori.

Bi Mwanaisha, ambaye hajui kumpokea mtu bila kumpa kitu, alitoka na lile tenga la wageni la chumba cha nyuma. Mapeasi yalikuwa magumu, ya kijani, na baridi kiasi kwamba yalitoa jasho yalipokutana na hewa ya nje. Akawagawia wote, na wakataji wakazima mashine wakala. Maji yaliwatiririka hadi kwenye viwiko. Nilisema bismillah, nami nikala langu, na nashukuru, maana riziki ni riziki hata ukila umekaa juu ya kisiki chake.

Mmoja wa wakataji nilimfundisha alifu akiwa mdogo. Akaligeuza lake mkononi.

"Mwalimu, hivi haya ndiyo yaliyooza Kariakoo?"

"Ndiyo haya haya."

"Mbona mazima?"

"Haya hatukuyafunika."

Akatikisa kichwa, akala mpaka kwenye kokwa, akafuta mikono kwenye suruali. Halafu akauvuta msumeno, ukawaka.